Fremu Nilizozisiriba kwa Samadi

Niseme mapema kwamba jambo hili linanitia aibu, na si ile aibu ya kuanguka na baiskeli sokoni ambayo baada ya mwezi unaicheka mwenyewe, hii ni aibu ambayo kadiri ninavyozeeka nayo inanenepa. Kijijini kwetu, upande wa Mtinko, wako wazee ambao hadi leo wakiniona wananishika mkono kwa mikono miwili na kuniambia, "Wewe ndiye mtoto, wewe ulimsitiri baba yako," na mimi naangalia viatu vyangu. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sipendi kusifiwa. Haya, leo nawaambia, ila wenye kutaka kucheka wacheke hapa mwanzoni, maana huko mbele nitawanyima nafasi.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kichanga wakati huo, tumetoka kila mtu kwenye tembe lake huko porini tukakusanywa pamoja, shamba la pamoja, ghala la pamoja, mkutano kila Jumapili jioni chini ya Mwenyekiti Ntandu, ambaye alikuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe. Baba yangu, Mzee Mughenyi, alikuwa mtu wa nyuki wa siku nyingi, mizinga ya magogo iliyoning'inizwa mitini, kila gogo na alama yake aliyoichonga kwa kisu ili watu wajue ni la nani, na nyuki alikuwa anawajua hivi kwamba akiegemeza sikio kwenye gogo anakwambia humo ndani wana njaa, au wamekasirika, au wanajiandaa kuhama. Mimi nilikuwa namcheka. (Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo nilikuwa namcheka kila mtu.)

Ndipo akaja Bwana Nyuki kutoka wilayani, tulimwita hivyo kama tulivyokuwa na Bwana Shamba na Bwana Mifugo, akatuletea mizinga ya masanduku, ile yenye fremu za mbao ndani, nyuki wanajenga masega kwenye fremu, ukivuna unatoa fremu, unaikamua kwa mashine ya kuzungusha (aliiazima hukohuko wilayani), asali inatoka na sega linabaki zima. Na hapo ndipo ilipo faida yote, maana mvua zikianza na maua yakichanua unawarudishia nyuki masega yao yaliyokwisha kujengwa, hawapotezi muda kujenga, wanajaza asali tu. Tulivuna mara ya kwanza, tukabaki na fremu arobaini za masega meupe, mazuri, mepesi kama maandazi. Bwana Nyuki akasema mbele ya mkutano, "Mkizitunza hizi mpaka mvua, nawaletea masanduku mengine ishirini. Zikiliwa na nondo, masanduku ishirini yanakwenda kijiji kingine." Akatuonyesha nondo wa nta kwenye chupa, kidudu cha kijivu ambacho hata huwezi kukiogopa, akasema huyu anataga kwenye sega, funza wake wanatafuna nta mpaka hakibaki kitu.

Watu wakaniangalia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa nimepelekwa kozi ya nyuki ya wiki mbili nikarudi na daftari, kofia yenye wavu na maringo. Lakini wapo walionung'unika kwamba kijana huyu ni golikipa, akili yake iko uwanjani. Baba akasimama. Baba hakuwa mtu wa kusimama kwenye mikutano, alikuwa ndio kwanza amechaguliwa mkuu wa kamati ya nyuki na cheo kile alikipenda kimyakimya, alikuwa anavaa koti kwenda kukagua mizinga. Akasema, "Huyu nimemlea kwenye nyuki. Fremu zikiharibika msimuulize yeye, niulizeni mimi." Akakaa. Mimi nikapewa ufunguo wa stoo.

Sasa kazi yenyewe. Kozi ilitufundisha kwamba fremu zinaning'inizwa mahali penye hewa na mwanga, moja isigusane na nyingine, na kila wiki unazitoa moja moja, unaangalia pande zote mbili, ukiona yai au utando unakwangua, na mayai yakizidi unazifungia fremu kwenye sanduku unazifukiza moshi wa kiberiti cha unga, yaani salfa. Siku ya ukaguzi tulipanga Jumamosi. Fremu arobaini, pande themanini, inakula asubuhi yote na kipande cha mchana. Na Jumamosi, ndugu zangu, ndiyo siku timu yetu ilikuwa inacheza, wiki hii tuko Mtinko, wiki ijayo wanakuja wao, na golikipa wa akiba alikuwa mtu mmoja anayefumba macho mpira ukija.

Nilikagua Jumamosi mbili. Mechi mbili hizo tulifungwa mabao tisa. Wiki ya tatu nikakaa nikafikiri, na kufikiri kwangu kulikuwa hivi: mama yangu anatunza mbegu za mtama mwaka mzima kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti, anaweka mfuniko, anasiriba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu mpaka hata ukucha haupiti, na siku ya kufungua hukuti dumuzi hata mmoja. Kama mtama unalindwa hivyo, sega litashindwaje? Na vilindo vya mama vitatu vikubwa vilikuwa vitupu, kwa vile mtama siku hizo ulikuwa unakwenda ghala la pamoja. Nikaviomba, nikaviingiza stoo, nikazipanga fremu humo zikabanana kama watu kwenye lori, nikafunika, nikachanganya samadi. Baba alinikuta nakoroga. Akauliza, "Hiyo ya nini?" Nikamjibu, "Kuna ufa kwenye ukuta wa stoo, baba, naziba." Huo ndio uongo wa kwanza, na niliusema kwa sababu ndogo tu, sikutaka aniulize maswali na filimbi ilikuwa inakaribia kupigwa.

Jumamosi ile tulishinda.

Jumapili kwenye mkutano Mwenyekiti akapita kitengo kwa kitengo kama kawaida yake, ghala, salama, ng'ombe, salama, nyuki? Nikasimama. "Fremu salama, Mwenyekiti." Wiki iliyofuata, "Fremu salama, Mwenyekiti, nimezikagua." Wiki ya tatu nikaona maneno hayo ni makavu, nikaongeza, "Moja moja, pande zote mbili." Watu wakapiga makofi. (Makofi ni kitu kibaya sana, mkitaka kumharibu mtu mpigieni makofi kwa kazi ambayo hakuifanya.) Ikawa kila Jumapili naongeza kidogo, mara nimekwangua mayai mawili, mara nimezigeuza zipate mwanga, nikawa nasimulia ukaguzi kama mtangazaji wa redio, na huku mikono yangu ina michubuko ya goli.

Baba hakuwa anapiga makofi. Siku moja tukiwa tunakula aliniuliza, "Umezisikiliza fremu zako?" Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, hazina nyuki ndani, nitasikiliza nini?" Akasema, "Kitu kinachotafuna kina sauti. Nipe ufunguo nikasikilize." Nikamjibu kwa sauti ya kozi, kwamba kitaalamu mlango ukifunguliwafunguliwa nondo wanaingia. Akaendelea kumega ugali. Mzee ambaye angeweza kusikia malkia akizeeka ndani ya gogo alinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa na daftari. Hapo nikikumbuka naona haya hadi shingoni.

Na niseme ukweli wangu, mimi sikuwa na wasiwasi. Mngeniamsha usingizini mkaniuliza ningewaambia fremu ziko salama, kwani nilikuwa naamini samadi na majivu kama wanavyoamini wote waliozaliwa Singida. Uongo wangu ulikuwa kwenye ukaguzi tu, si kwenye fremu, ndivyo nilivyojituliza.

Mawingu ya kwanza yalipotokea Bwana Nyuki akarudi, na gari, na wageni wawili wa wilayani waliotaka kuona kijiji cha mfano. Kipande cha reli, ndiyo kengele yetu, kikagongwa, watu wakaja wote. Bwana Nyuki akasema twende stoo, mimi nikasema hapana, wageni watasongamana, nitawaletea hapahapa uwanjani (tazameni mtu anavyojichimbia). Vijana sita wakabeba vilindo vitatu wakaviweka mbele ya meza ya wageni. Niliona Bwana Nyuki anakunja uso, akauliza, "Kwa nini ziko humo?" Nikamwambia, "Utaona, bwana." Na kwa kuwa maringo hayana kipimo, nikatoa hotuba. Nikasema wazee wetu wana utaalamu wao na sisi vijana tuna wetu, na leo vimeoana. Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake, anatabasamu, ni vilindo vyake. Baba alikuwa amesimama nyuma ya meza na koti lake. Nikaligonga lile siribo kwa mpini wa jembe, likapasuka, nikainua mfuniko kwa mikono miwili juu ya kichwa.

Wa kwanza kutoka walikuwa nondo wenyewe, si mmoja wala kumi, wingu la kijivu, wakatua usoni mwa Bwana Nyuki na kwenye shati lake jeupe, mgeni mmoja akapiga chafya. Halafu ikaja harufu. Nikaingiza mkono nikavuta fremu, haikutoka, zilikuwa zimeshonwa pamoja kwa utando, nikavuta kwa nguvu, ikaja na mwenzake, na pale palipokuwa na sega palikuwa na kitu kama kitambaa kibovu, cheusi, kinadondosha vumbi, na ndani yake funza wanene wanajikunja, wakaanza kuanguka chini, tap, tap, tap. Na mnajua kuku wetu. Mama Zainabu, ambaye nyumba yake ilipakana na uwanja, alikuwa na kuku wengi kuliko mtu yeyote kijijini, na kuku wale walikuja mbio kutoka kila upande kama walioitwa mkutanoni, wakapita kati ya miguu ya wageni wakila. Watu wakaanza kucheka. Mimi nikasema, "Labda ni hiki kimoja tu." Nikafungua cha pili. Nikafungua cha tatu. Cha tatu funza walikuwa wameanza kula mbao.

Kicheko kilipokwisha pakawa pabaya zaidi, maana kila mtu sasa alikuwa anayahesabu yale masanduku ishirini yanavyopita barabarani kwenda kwa wengine. Bwana Nyuki alikuwa anajifuta uso. Akasema polepole, kama anamweleza mgonjwa, kwamba mayai ya nondo huwa yameshatagwa tangu sega likiwa mzingani, nyuki ndio huwazuia, na ukilifungia sega gizani kwenye joto umewatengenezea funza nyumba. Halafu akauliza, "Nani alisema zisiribwe kwa samadi?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nawaapia, ulikuwa wazi, neno "mimi" lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini nilimwona Mwenyekiti, nikawaona wachezaji wenzangu, nikayakumbuka makofi yale yote ya Jumapili, na nikachelewa, kiasi cha mtu kumeza mate.

"Ni mimi," baba akasema.

Akatoka nyuma ya meza, akasimama kati ya kuku. "Kijana alitaka kufanya kama alivyofundishwa. Mimi ndiye niliyemwambia azisiribe kama mtama. Nilisema mniulize mimi, basi niulizeni." Baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata kuhusu bei ya mbuzi, alisema hivyo bila kunitazama. Na watu wakaamini papo hapo, kwa nini wasiamini, samadi na majivu ni mambo ya wazee, na yeye alikuwa mzee wa magogo. Mgeni mmoja akatikisa kichwa na kumwambia mwenzake kwamba hizi mila ndizo zinazoturudisha nyuma. Mimi nilikuwa bado nimeshika mfuniko wa kilindo. Sikusema kitu.

Mnasikia? Sikusema kitu. Nondo, kuku, chafya, hayo yote ningewasimulia bure kwenye harusi. Ninachoona aibu ni kile kimya.

Jumapili iliyofuata wakamtoa baba kwenye kamati. Ufunguo wakaniachia mimi, kwa maelezo kwamba kijana amesoma, kosa lake ni utii tu. Masanduku ishirini yakaenda kwingine. Baba akapewa jina, Mzee Samadi, na lilikuwa linasemwa kwa utani, watani wake wakimwona wanaziba pua, naye anacheka nao, lakini koti lile nililiona limetundikwa ukutani wiki baada ya wiki. Fremu tulizianika pamoja, yeye na mimi, tukazikwangua, tukazipitisha kwenye moto wa majani kuua mayai, siku nzima bega kwa bega, na hakunitajia jambo lile hata kwa mbali. Mara tatu nilisema "Baba," naye akaitika "Naam," nami nikaomba nipewe kisu.

Nilivumilia mwezi mmoja na siku kadhaa. Kisha kwenye mkutano mmoja, wakati nyuki walikuwa wameanza kujenga upya, mtu mmoja akapendekeza kwamba Mzee Mughenyi asisogelee stoo wala masanduku, asije akaleta tena mambo ya zamani, na mikono ikaanza kunyanyuka. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachora chini kwa fimbo. Sikuweza tena. Nikasimama, nikasema yote, kwamba samadi nilikoroga mimi, kwamba baba aliniuliza nikamdanganya, kwamba sikukagua hata mara moja baada ya wiki ya pili, kwamba nilikuwa nakwenda kudaka mpira, kwamba alitaka kusikiliza nikamnyima ufunguo. Nililia, sioni haya kusema hivyo. Nikakaa.

Mwenyekiti Ntandu akainuka na ile sauti yake, akasema, "Mmemwona mtoto?" Na watu wakaanza kupiga makofi.

Sikuelewa. Mama Zainabu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Nani kati ya watoto wetu angekubali kujipaka samadi namna hii kwa ajili ya baba yake?" Nikasimama tena nikasema hapana, mama, ni kweli, muulizeni golikipa wa akiba, muulizeni yeyote, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo makofi yalivyozidi, mpaka wakasema kwa heshima ya kijana huyu lile pendekezo lifutwe, mzee aachwe tu akae apendapo, ila asiguse. Walinibeba, ndugu zangu. Nilikiri kosa wakanibeba mabegani.

Tulirudi nyumbani mimi na baba, jua linazama, yeye mbele na mimi nyuma kama ilivyo desturi. Nikamwambia, "Baba, nimewaambia, hawakuniamini." Akatembea kidogo. Akasema, "Umechelewa, mwanangu. Wameshazoea." Hakusema kwa hasira, alisema kama anavyosema mvua imeshapita. Tulipofika akaniomba maji ya kunawa, tukala.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na jina lake halikumtoka. Siku ya maziko yake msemaji wa familia alisimulia habari za marehemu, uchapakazi wake, mizinga yake, na akafika kwenye ile habari ya vilindo, kwa upendo kabisa, watu wakacheka kile kicheko kidogo cha msibani, halafu akasema na huyu hapa ndiye mwanawe aliyetaka kubeba lawama za baba yake. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika koleo. Nikafungua mdomo, nikamwona mama alivyokuwa anafarijika kwa maneno yale, nikaufunga, na nikaanza kurudishia udongo.

Kwa hiyo msinisifu. Nina masanduku yangu kumi na mawili sasa, na fremu zangu zimening'inia barazani, kwenye upepo, kila apitaye anaziona, na kila Jumamosi nazishusha, moja moja, pande zote mbili, halafu naegemeza sikio, na wajukuu wananicheka. Mpira sijadaka tena tangu mwaka ule. Na mtu akiniuliza hali ya kitu ambacho sijakifungua mwenyewe nikakiona, hata kiwe kidogo namna gani, namjibu sijui, ngoja nikaangalie.